Mto Aliolalia Biasha

Siku ya kuhama haifichi kitu. Utafagia uvungu ambao haujaonja ufagio tangu mtoto wa kwanza atambae, utaokota kifungo, utaokota kipini, utaokota picha ya mtu ambaye hata jina lake limekutoka. Na kama bahati yako ni ya Biasha, utaokota jambo ambalo mwenye kulificha alitaka liozee palepale lilipo.

Ilikuwa Alhamisi, jua likikaribia utosini, na nyumba ya Mzee Nassir hapo Mwabungo ilikuwa imebaki kuta na mwangwi. Ukikohoa chumbani, ukumbi ulikujibu. Sufuria zilikuwa zimefungwa ndani ya shuka, masanduku yamepangwa mlangoni, na lori la Chengo lilikuwa lifike baada ya sala ya alasiri liwachukue hadi Lunga Lunga. Wangevuka mpaka, walale Tanga, kisha wapande meli ya Pemba. Miaka ishirini na saba ya ugenini ilikuwa inaishia kwenye kamba na maboksi.

Mzee Nassir aliingia Kenya na mkewe Bi Mize na shazia moja, ile sindano ndefu ya kushonea magodoro, akawaaga watu wake kwamba anakwenda msimu mmoja tu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye walimpa magodoro. Kuanzia Mwabungo hadi Msambweni, bibi harusi aliyejiheshimu hakulalia ila godoro la sufi lililoshonwa na Mpemba huyo. Msimu ukazaa msimu. Mabinti wake wawili walizaliwa hapahapa. Mkubwa, Ummi, alizikwa hapahapa, miaka mitatu iliyopita. Sasa kaka wa Mzee Nassir alikuwa amefariki kule Wete, Pemba, nyumba ya wazazi imebaki haina mtu, na mzee akawa ameamua.

"Mwacha asili ni mtumwa," alisema, na mjadala ukafungwa.

Biasha, binti aliyebaki, alikuwa na miaka ishirini na minne na hajawahi kuiona Pemba hata kwa kupita. Wazazi wake walikuwa wanarudi kwao. Yeye kwao ni wapi? Hakuna aliyemuuliza, naye hakusema, kwa sababu jibu lake lilikuwa na jina la mtu, na jina hilo mbele ya mama yake lilikuwa halitajwi.

Asubuhi hiyo baba yake alikaa barazani akifumua magodoro. Alikuwa na desturi aliyoirithi kwa babake, ya mafundi wa kwao: sufi iliyolaliwa katika nchi moja haivushwi kwenda nchi nyingine. Kitambaa kitafumuliwa, kitakung'utwa, kitakunjwa na kusafiri, sufi huachwa.

"Sufi inakunywa," alimwambia kila mtu aliyeuliza. "Inakunywa jasho, inakunywa machozi, inakunywa na ndoto. Huwezi kuzitwaa ndoto za nyumba hii ukenda kuzilalia nyumba nyengine."

Watu walicheka. Biasha mwenyewe alikuwa akicheka, mpaka siku ile.

Alikuwa chumbani akikunja nguo zake za mwisho alipoona kipande cheupe cha sufi kimetua juu ya mguu wake. Akakipuliza. Kikaja cha pili. Akainua macho akaona vingine vinakuja kwenye ushoroba, kimoja nyuma ya kingine, chini chini, bila haraka. Akafagia, akavisukuma vyote hadi ukumbini. Aliporudi kuinama kwenye sanduku lake, vilikuwa vimemzunguka miguuni tena.

"Mama!" aliita. "Kuna upepo huko nje?"

"Upepo wa wapi?" Bi Mize alijibu kutoka uani. "Jasho linanitiririka hapa. Hata jani halitikisiki."

Ni kweli, halikutikisika. Ule ulikuwa wakati ambao kina mama wa pwani huwaita watoto ndani, saa sita ya jua la utosi, kivuli kinapokosa pa kwenda. Biasha alifunga mlango. Hakutaka kujua kama vingepita chini yake.

"Hodi wenyewe!"

Moyo wake ukaruka. Ile sauti angeitambua hata katikati ya soko la Kombani.

"Karibu, mwanangu," Mzee Nassir aliitikia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Alamin. Umefanya vyema kuja. Hilo jokofu sitaki aliguse mtu mwengine."

"Shikamoo, mama."

Bi Mize alipita na beseni lake kama aliyepita mbele ya ukuta.

Alamin wa Mwabungo alikuwa fundi wa majokofu katika mahoteli ya Diani, kijana mrefu, mpole, mwenye macho ambayo hayakujua kusema uongo. Macho hayana pazia, na yake yalikwenda moja kwa moja hadi mlango wa chumba cha Biasha na kukaa pale. Miaka mitatu nyuma macho hayohayo yalikuwa yakimtafuta Ummi. Alikuwa mchumba wake. Ulibaki mwezi mmoja kabla ya harusi, homa ya siku nne ikamchukua msichana, na godoro la harusi aliloshonewa na babake likageuka la kukalia matangani.

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Mwaka mmoja uliopita Alamin na Biasha walianza kukohoa. Juma lililopita Alamin alileta wazee kuposa. Bi Mize aliwasikiliza hadi mwisho, akawamiminia kahawa, kisha akasema, "Nyumba moja haitoi maharusi wawili kwa mume mmoja. Mwanangu wa kwanza bado ni mkewe." Wazee wakanyanyuka na kahawa yao nusu vikombeni.

Lakini si neno la mama lililomnyima Biasha usingizi. Palikuwa na jambo jengine, nalo hakuwahi kumwambia mtu. Aliota. Aliota amesimama na Alamin penye bomba la maji nyuma ya madrasa, ana hina mpya mikononi, naye Alamin anamwambia kwamba utotoni aliwahi kujificha kisimani. Hajawahi kusimama naye pale. Hina ile hakupakwa yeye. Na siku moja, wakizungumza kwa simu, jina lilimtoka mdomoni bila kulitafuta: "Ami." Alamin akauliza, kwa sauti ya mtu aliyeguswa begani gizani, "Hilo nani alikufundisha? Ni mmoja tu aliyekuwa akiniita hivyo."

"Biasha!" baba yake aliita. "Nipe na mto wako. Ndio uliobaki."

Aliupeleka. Ulikuwa mto wa kawaida, mnene, aliopewa na mama yake baada ya arubaini ya Ummi, naye akaulalia kila siku tangu hapo. Mzee Nassir akaupokea, akatia ncha ya mkasi kwenye mshono, akasita. Akausogeza karibu na macho.

"Huu si mshono wangu," alisema.

"Baba, si umeushona wewe?"

"Mimi nashona pindo mara mbili. Huu umefumuliwa ukashonwa upya. Na shazia iliyotumika ni yangu." Alitazama uani. "Mize!"

Bi Mize alisimama kizingitini, maji yakimdondoka vidoleni. Aliuona mto, na beseni likamtoka mkononi.

"Usiufungue," alisema. "Nassir, huo tutakwenda nao kama ulivyo."

"Desturi yangu unaijua."

"Nakuomba. Miaka ishirini na saba sijakuomba kitu."

Mzee alimtazama mkewe, kisha akakata mshono.

Harufu ilitangulia. Mafuta ya asumini, mabichi, kama yaliyopakwa asubuhi hiyo. Alamin, aliyekuwa ameinama kwenye jokofu, alinyooka na uso wake ukabadilika rangi. Mzee Nassir akatia mkono kwenye sufi, akautoa polepole. Alikuwa ameshika nywele. Fundo kubwa la nywele nyeusi, ndefu, zilizokusanywa chanuo baada ya chanuo kwa miaka, na kati yake vipande vya sufi vimeng'ang'ania.

Kila mwanamke wa pwani anajua kwamba nywele zinazotoka kwenye chanuo hazitupwi ovyo. Huzikwa, asije mwenye husuda akazichezea. Ummi alikuwa akizitia za kwake kwenye kifuko, akingoja siku ya kuzizika, na siku hiyo akazikwa yeye.

"Sikuweza," Bi Mize alisema. Alikuwa amekaa chini, palepale kwenye maji. "Nilichukua jembe mara tatu. Ningemzika mara ya pili? Nikasema, atalala na mdogo wake kama walivyokuwa wakilala. Nilikuwa nikiingia asubuhi namnusa Biasha shingoni, namkuta Ummi. Nani aliniona? Nilimkosea nani?"

"Mimi, mama," alisema Biasha.

Sauti yake haikuwa kubwa. Alikuwa ameshika kichwa chake kwa mikono miwili, vidole vimezama kwenye nywele zake, kana kwamba alitaka kuhakikisha kwamba angalau zile ni zake. Miaka mitatu alikuwa amelaza sikio lake juu ya nywele za marehemu. Bomba la maji. Hina. Ami. Akamtazama Alamin, na kwa mara ya kwanza akamwogopa, si kwa ubaya wake, bali kwa jinsi alivyompenda.

Akakimbilia jikoni. Alamin akamfuata, akasimama mlangoni, haingii.

"Biasha."

"Usinikaribie. Uliponitazama mwaka huu mzima, ulikuwa unamtazama nani?"

"Wewe."

"Unajuaje? Mimi mwenyewe sijui aliyekuwa anakutazama ni nani. Huenda hata siku moja sijakupenda mimi. Huenda ni yeye tu, anapitia kwangu kama mtu anayepita kwa jirani."

"Na kama ni hivyo?"

"Kama ni hivyo, zikizikwa zile nywele, nitakutazama na sitaona kitu. Nitapanda lori la Chengo na wewe utabaki mjane mara ya pili."

Alamin angeweza kuapa, angeweza kulia. Wanaume wa mapenzi ya kimbelembele wangefanya yote mawili. Yeye alisema tu, "Basi na zizikwe. Mtu nisiyejua kama moyo alio nao ni wake mwenyewe, sitaki kumwoa."

Hapo Biasha alimpenda kuliko siku zote, na ndilo lililomuuma.

Walikwenda makaburini baada ya adhuhuri, Mzee Nassir na Alamin mbele, nywele zimefungwa ndani ya kitambaa cheupe. Biasha alibaki nje ya ua wa miiba, kama wanawake wafanyavyo. Jembe liligonga udongo mara chache. Baba yake akasoma. Na palepale aliposema amina, Biasha alisikia kitu kimekoma.

Mnajua jokofu linavyonguruma ndani ya nyumba hata mkaacha kulisikia, mpaka stima ikatike ndipo mjue kumbe siku zote lilikuwa likinguruma? Ndivyo ilivyokuwa. Kimya kilimwingia kifuani. Alimwona Alamin akija, akikung'uta udongo magotini, akasubiri moyo wake uruke.

Haukuruka.

Alimtazama pua, akamtazama mabega, akatazama ile mikono aliyokuwa akiiota. Alikuwa mwanamume mrefu aliyechoka, mwenye udongo kwenye suruali. Basi. Biasha akavuta buibui lake usoni, na Alamin, aliyekwisha kuyasoma macho yake, akapita bila kuuliza.

Lori lilifika alasiri. Majirani walikuja kuaga, wakaleta maandazi ya njiani na machozi, wakabeba sufi ya bure kwenye magunia, wakaombana radhi. "Mtatusahau huko," walisema. "Tukiwasahau nyinyi tumejisahau," akajibu Bi Mize, ambaye tangu mchana hakuwa amemtazama bintiye machoni. Biasha aliwakumbatia mmoja mmoja. Mikono yake ilifanya kazi, mdomo wake ulisema yaliyopasa, na ndani mwake mlikuwa kimya kama nyumba ile iliyohamwa. Vile vipande vyeupe vilikuwa vimelala pembeni ya ukuta, havisogei tena. Hilo nalo lilimtisha.

Alikuwa tayari ameweka mguu mmoja kwenye ngazi ya lori aliposikia kishindo.

Juu kule Alamin alikuwa akiburura cherehani ya Mzee Nassir, ile nzito ya chuma, ameigeuza kichwa chini miguu juu, anaikandamiza kati ya kabati na jokofu.

"Wewe!" Biasha alipiga kelele. "Unafanya nini?"

"Nafunga mzigo."

"Cherehani inafungwa hivyo? Utavunja gurudumu! Baba atashonea nini, meno yake?"

"Haitavunjika. Nimeikaza."

"Umeikaza na fundo la kamba ya viatu! Fundi gani wewe asiyejua kufunga kamba? Ishushe!"

"Biasha, nimefunga mizigo tangu sijaota ndevu."

"Na hazijaota vizuri mpaka leo! Ishushe nakwambia, mbishi wee, kichwa kama kifuu! Hunisikilizi hata siku moja, hata siku moja, na mimi nimechoka kukwambia jambo moja mara kumi, na nitakwambia mpaka nizeeke na hutasikia..."

Alijiziba mdomo.

Majirani wakatazamana. Chengo, mkono ukiwa kwenye mlango wa lori, alitazama angani kwa adabu.

Ummi hakuwahi kumgombeza Alamin. Wote walijua. Ummi alikuwa mtu wa kucheka. Angeliiacha cherehani ivunjike, akacheka, akamwambia pole. Katika ndoto zote zile za bombani Biasha alikuwa akicheka. Hakuwahi kuota amekasirika. Hasira hii iliyokuwa ikimpanda sasa hadi masikioni, inayomfanya atake kumtikisa mtu huyu mabega na kisha asimwachie, haikutoka kwenye mto wa mtu yeyote.

"Mpaka uzeeke?" Alamin aliuliza kutoka juu ya mizigo. "Umesema mpaka uzeeke."

"Nimesema uishushe cherehani."

Akaishusha. Akaruka chini, akasimama mbele yake, na yule mpole wa siku zote alikuwa anatokwa na machozi mbele za watu. "Mimi na dada yako hatukugombana hata mara moja," alisema polepole. "Wewe siku ya pili ya matanga ulinifokea kwa kukanyaga mkeka na viatu. Miaka mitatu nangoja unifokee tena."

Moyo wa Biasha uliruka. Uliruka vibaya, kwa kishindo, kama mtu asiyezoea kuruka.

Akamgeukia baba yake. "Baba, mimi sipandi."

Mzee Nassir alikuwa ameegemea lori, shazia mfukoni, macho yake mekundu. Alimtazama bintiye, akamtazama kijana, kisha akasema kwa Chengo, "Zima gari. Nitangulie msikitini nimtafute sheikh. Sitamwacha mwanangu nchi hii bila mume, hata dakika moja."

"Nchi hii ndiyo yangu, baba," alisema Biasha.

"Najua, mwanangu. Niliogopa kukuuliza."

Ikabaki Bi Mize. Alikuja taratibu, watu wakimpisha. Biasha alijiandaa kwa laana, alijiandaa kwa kilio. Mama yake alimshika uso kwa viganja viwili, akamvuta, akamnusa shingoni kama alivyokuwa akifanya kila asubuhi. Akavuta pumzi mara moja, mara mbili. Alikuwa akitafuta. Kisha akatazama juu ya bega la Biasha, upande wa makaburi, na uso wake ukalainika, akatabasamu kwa namna iliyowafanya majirani waangalie pembeni.

"Basi haya," alisema. "Kubaki, ubaki. Nilikuwa najiuliza nitamwachaje peke yake huko, nani atamfagilia, nani atamsemesha. Kumbe Mungu alikwisha kupanga. Utakaa na dada yako."

Ubaridi ulimpita Biasha mgongoni katika jua lile la alasiri. Ilikuwa radhi ya mama, na radhi ya mama haikataliwi. Lakini alikwisha kuazimwa kwa marehemu miaka mitatu, na aliyejua ladha ya kuazimwa ni yeye. Akaishika mikono ya mama yake, akaibusu, akaitoa usoni mwake.

"Ijumaa nitakwenda kumzuru, mama. Nitamfagilia, nitamwombea, nitampa salamu zako," alisema. "Hizo siku sita nyengine, ni zangu mimi."